Mwenyewe Amekataa

Namsifu alijua mambo si shwari kabla hajafika mlangoni, kwa sababu hakuitwa.

Kila siku akivuka mfereji na kuingia kwenye njia ya migombani, kompyuta ya nyumbani ilimtambua kwa mwendo wake, na mama yake, Bi Naelijwa, akapaza sauti kutoka jikoni: "Namsifu, hizo ndala zina tope, usinichafulie nyumba!" Leo nyumba ilikuwa kimya. Pampu ya maji haikunguruma. Redio, ambayo mama hakuizima tangu asubuhi hadi jioni, haikusikika. Ukungu ulikuwa umeteremka mlimani mchana kweupe na kuziba hata mapaa ya jirani.

Alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, ungo wa mchicha mapajani, kidole gumba bado kimebana kikonyo cha jani. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anapumua.

"Mama."

Hakugeuka. Namsifu alimshika shavu, akalikuta lina joto lake la kawaida. Kisha akatazama nyuma ya sikio la kulia, kwenye kile kifundo cha chuma ambacho siku zote kilikuwa na taa ya kijani, ndogo kama punje ya ulezi. Taa ilikuwa imezimika.

Tangu kiharusi kilipompiga, Bi Naelijwa aliishi kwa ubongo nusu na sanduku nusu, yaani ile kompyuta ya nyumbani. Sanduku lilelile lililowasha taa za nyumba, kuvuta maji na kuonyesha taarifa ya habari, lilimtafutia pia majina ya watu, likamshikia kumbukumbu, likamkumbusha kwamba chungu kiko motoni. Usangi nzima wazee wengi waliishi hivyo, na watu walishazoea. Umeme ukikatika kidogo, mzee anaduwaa; ukirudi, anaendelea na sentensi palepale alipoiachia. Lakini leo umeme haukuwa umekatika. Jokofu lilikuwa linaunguruma kama kawaida.

Namsifu alikimbilia sebuleni. Sanduku lilikuwa mahali pake chini ya televisheni, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Akabonyeza kitufe. Feni ndani ikaanza kuzunguka, taa ya njano ikawaka, kisha vyote vikafa. Akachomoa waya, akangoja, akachomeka tena. Feni, taa ya njano, kimya. Akabadilisha soketi. Akaunganisha na betri ya sola. Akafuta vumbi kwenye matundu kwa upindo wa kanga. Kila alipojaribu liliishia palepale, kama mtu anayevuta pumzi ili aseme neno, halafu akaghairi.

Akampigia simu Mrutu, fundi aliyehudumia masanduku ya tarafa nzima.

"Umelibonyeza mara ngapi?" Mrutu aliuliza.

"Sijui. Nyingi."

"Basi acha. Usiliguse tena. Unaweza kufuta kumbukumbu za mama yako."

*

Mrutu alifika na pikipiki yake ya umeme, koti limelowa ukungu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwimbaji wa besi kanisani, na hata leo alipopita jikoni aliinamisha kichwa mbele ya kigoda na kusema, "Shikamoo mama," ingawa alijua hatajibiwa. Kisha akapiga magoti mbele ya sanduku, akalifungua kifuniko, akachomeka waya wa kishikwambi chake.

Namsifu alisimama nyuma yake akisugua viganja. Mrutu alikuwa akiimba kwa chini huku akifanya kazi. Ghafla aliacha kuimba.

"Limeungua?" Namsifu aliuliza.

"Hapana, diski ni nzima. Umeme unaingia vizuri. Kumbukumbu za mama zipo zote, mpaka za leo asubuhi."

"Sasa mbona haliwaki?"

Mrutu alikigeuza kishikwambi ili aone. Kwenye kioo cheusi palikuwa na mstari mmoja tu: MWENYEWE AMEKATAA.

"Hujawahi kuliona hili kwa sababu linakuja na kupita haraka," Mrutu alisema. "Kila sanduku likiwaka, kabla ya jambo lolote, linamgusa mtu wake kidogo tu na kumuuliza kama anakubali. Sheria ndiyo ilivyotaka. Mtu asiishi kwa mashine bila ridhaa yake. Sasa mama leo asubuhi ameliamuru lizime, na akaacha jibu. Kila ukibonyeza, linamuuliza. Kila likimuuliza, anakataa."

Namsifu alitazama kule jikoni. Alimwona mama yake kwa mgongo, kilemba chake kimefungwa vizuri, kama mtu aliyekaa kumngojea mgeni.

"Kwa hiyo halikuharibika."

"Halikuharibika." Mrutu alijipangusa uso. "Lakini usihangaike, dada yangu. Hii ni kazi ndogo. Kuna nakala ya jana jioni. Naweka ile, naondoa lile swali, na mama anaamka kama jana. Hatajua kitu. Kabla maji ya chai hayajachemka atakuwa anakugombeza."

"Unaondoa swali?"

"Nisipoliondoa atakataa tena."

"Umeshawahi kufanya hivyo?"

Fundi hakumtazama. Alijifanya anakaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekaza. "Namsifu, unamjua babu Mzava aliyecheza siku ya Pasaka mpaka watu wakalia kwa furaha? Alikataa. Mwalimu Eliapenda je, anayefundisha watoto kusuka? Alikataa mara mbili. Karibu kila nyumba ninayoingia. Watoto wao wananipigia simu kama ulivyonipigia wewe, wanasema sanduku limekufa, naja naliamsha. Wanafurahi. Wazee nao wanafurahi. Nani ameumia?"

Nje ukungu ulikuwa umegusa dirisha. Namsifu alihisi baridi ikimpanda miguuni.

"Kwa nini wanakataa?"

"Sijawahi kuwauliza. Nikishaweka nakala, hawakumbuki kwamba walikataa."

Namsifu alikaa kwenye mkono wa kochi. Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa ameshafungua kinywa. Lakini mama yake hakuwa mtu wa kukataa jambo kwa hasira. Alikuwa mzee wa kanisa, watu walimletea kesi zao ili asuluhishe, na kila neno alilolitoa alikuwa amelipima kwanza.

"Nataka kumuuliza mimi," alisema. "Si wa jana. Huyu wa leo."

Mrutu alishusha pumzi. Alieleza polepole, kwa namna ya mtu asiyependa anachokieleza. Kulikuwa na njia ya kuliwasha sanduku kwa uokozi, yaani sehemu zile za lazima tu, pamoja na kumbukumbu za leo ambazo hazijasafishwa. Kila jioni jua likizama sanduku hufanya usafi: linapanga mambo ya siku, linajaza mapengo, linapunguza makali ya yale yanayomuumiza mtu ili alale. Usafi huo haukuzuilika. Waliolitengeneza waliufunga ndani ya chuma chenyewe.

"Ukimwamsha hivyo, atakuwa yeye wa leo mpaka jua lizame. Baadaye atakuwa yule sanduku linavyoona inafaa awe. Na kitu kingine. Kwa njia ya uokozi sauti yake haisikilizwi. Hawezi kujizima. Akitaka kuzimwa, ni mkono wako." Alianza kukusanya vifaa vyake. Alisogeza kidole juu ya kioo, akakiacha hapo. "Mimi humu sikuingia leo. Tumeelewana?"

Namsifu alitikisa kichwa kukubali. Mrutu aligusa kioo, akachomoa waya wake, na alikuwa ameshafika kwenye pikipiki kabla taa ya njano haijageuka kijani.

*

Jani la mchicha lilikatika. Bi Naelijwa alilitupa kwenye ungo, akachukua jingine, kisha mkono ukasimama hewani.

"Nilikataa," alisema.

Namsifu alipiga magoti mbele yake. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini umeniamsha?"

"Nilitaka kujua kwa nini, mama. Ningewezaje kukaa na wewe hivyo bila kujua?"

Mama alimtazama. Macho yake yalikuwa na ukali ambao Namsifu hakuwa ameuona siku nyingi, na hapo ndipo alipogundua kwamba ulikuwa umepotea. Mama wa miezi hii alikuwa mpole mno. Alikuwa akicheka kwa kila kitu.

"Unakumbuka nilivyosema kule barazani," Bi Naelijwa alianza, "kuhusu lile shamba la chini ya mfereji?"

"Nakumbuka."

Nani asingekumbuka? Shamba lile lilikuwa limebishaniwa na Mama Terevaeli, mjane wa nyumba ya pili, aliyedai kwamba mumewe alilifyeka kwa mikono yake. Bi Naelijwa alisimama mbele ya baraza la ardhi, akala kiapo, akasimulia jinsi marehemu mumewe alivyoipanda mimea ya kuonyesha mpaka, yale masale. Alisema yeye mwenyewe alimshikia miche, akiwa na mimba ya Namsifu, na mumewe alikuwa akiimba huku akichimba. Alisimulia vizuri hata wajumbe wakainamisha vichwa. Mama Terevaeli alishindwa siku hiyohiyo. Msimu uliofuata Namsifu alipanda tangawizi pale, na tangawizi ilistawi.

"Leo asubuhi nachambua mboga," mama alisema, "redio ikapiga wimbo. Nikausikia, nikafurahi. Nikasema, huo! Ndio aliouimba baba yako siku ile ya masale. Nikaimba nao mpaka mwisho. Halafu mtangazaji akasema ni wimbo mpya. Vijana wa Arusha wameutoa mwaka juzi."

Namsifu alianza kuhesabu miaka.

"Baba yako amekufa wewe unasoma darasa la tatu. Na tena, baba yako alikuwa na kigugumizi. Hakuimba hata kanisani. Unajua hilo?" Alijigusa paji la uso. "Niliitazama ile siku tena, humu kichwani. Naona miche, naona jembe, naona udongo kwenye vidole vyangu. Inanukia, Namsifu. Na haikutokea. Paliponitokea pengo, hili sanduku limenishonea kiraka, na kwa kuwa linanipenda, au sijui linafanyaje, limenishonea kiraka kizuri. Nimekula kiapo dhidi ya mwenzangu kwa kiraka."

"Mama, hukujua."

"Sasa najua. Na sijui kingine kipi ni kiraka. Harusi yangu? Kuzaliwa kwako? Kila nikikigusa kinanukia vilevile." Aliweka ungo chini. "Na nadhani si mara ya kwanza kujua. Asubuhi nyingi naamka na uzito hapa kifuani, kama mtu aliyelia usingizini, halafu unayeyuka. Ndiyo maana sikukungoja. Nilijua nikingoja mpaka jioni uje, nitakuwa nimesafishwa. Nitakupokea kwa kicheko." Alimshika binti yake mkono. "Niitie Mama Terevaeli. Nimwambie uso kwa uso. Halafu unizime, na usiniwashe tena."

"Mama, huwezi kuniambia nikufanyie hivyo."

"Basi usingeniamsha."

*

Namsifu alitoka mbio. Alipofika kwenye masale akasimama.

Chini yake shamba lilikuwa limejaa majani ya tangawizi yaliyosimama mabichi, marefu, yanayofika kiunoni. Bado kidogo yangeanza kunyauka, ishara ya kuvuna. Aliyatazama. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemwona. Ilitosha kusimama tu. Angerudi akasema Mama Terevaeli hayupo. Jua lingezama, mama angecheka, angepika, angeuliza kama tope la ndala limekauka. Baraza lilishaamua. Mama angeishi miaka, mchangamfu, mwenye afya, na kumzima ndiko kungekuwa kuua, si kumwacha.

Hakujua alisimama pale kwa muda gani. Alijua tu kwamba mahali fulani nyuma ya ukungu mwanga ulikuwa umeanza kugeuka rangi, na aliliona hilo, na hakusogea. Kisha akaona aibu kali, akashuka mbio huku anaita.

Mama Terevaeli alikuwa anaanua nguo. Alimsikiliza bila kumkaribisha.

"Mama yako ananiita mimi? Ameniachia nini tena cha kuchukua?"

"Nakuomba, mama. Haraka. Ana neno, na hawezi kulingoja."

Mjane alimchunguza usoni, akaweka beseni chini, akamfuata.

Bi Naelijwa alikuwa amehamia sebuleni, amekaa kando ya sanduku, amejifunika kanga mabegani. Hakungoja salamu.

"Mama Terevaeli, nilikula kiapo juu ya kitu ambacho sikukiona. Yale masale sijui nani aliyapanda. Sikuwepo. Ile siku niliyoisimulia haikuwahi kuwepo. Shamba lako nimekunyang'anya kwa ndoto."

Mama Terevaeli alibaki amesimama, mikono imelegea. "Unajua nimelala njaa mara ngapi kwa ajili ya ndoto hiyo?"

"Sijui. Niambie."

"Sasa ndiyo unauliza." Mjane alikaa ghafla. Walitazamana, wanawake wawili waliochota maji pamoja tangu ni maharusi. "Utakuja barazani kuyasema haya?"

"Kesho sitakuwa mimi. Ndiyo maana nakuambia leo, na binti yangu anasikia. Yeye ndiye atakayesema."

"Na baraza litayakubali maneno ya mtu wa sanduku?" Namsifu aliuliza, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza.

Mama Terevaeli alicheka bila furaha. "Liliyakubali yalipokuwa ya uongo."

"Namsifu," mama alisema. "Tayari. Zima."

"Mama, kidogo tu. Nikuage."

"Dirisha lile, mwanangu. Tazama dirisha."

Kioo kilikuwa chekundu. Namsifu aliinuka, akainama kuutafuta waya nyuma ya televisheni. Ndani ya sanduku feni iliongeza mwendo. Mvumo wake ulikuwa laini, kama mtu anayefagia chumba cha pili. Taa nyuma ya sikio la Bi Naelijwa iligeuka bluu. Kope zake zilifumba, uso ukalegea, makunyanzi ya paji yakanyooka moja baada ya jingine. Kisha akafumbua macho na kutabasamu.

"Mama Terevaeli! Karibu, karibu mwenzangu. Umekuja lini? Namsifu, mgeni amekaa hana hata chai?"

Mama Terevaeli alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio.

"Mbona mmenitumbulia macho? Kuna msiba?"

"Mama," Namsifu alisema, "lile shamba la chini ya mfereji. Masale alipanda nani?"

"Swali gani hilo? Baba yako. Nilimshikia miche, wewe ukiwa tumboni unanipiga mateke. Alikuwa akiimba." Na akaanza kuuimba wimbo wenyewe, kwa sauti tamu, akipiga kofi taratibu kwenye goti.

Mkono wa Namsifu ulikuwa tayari kwenye waya. Mama aliuona. Wimbo ukakatika.

"Usiguse huko, mwanangu. Ukivuta huo nitazimika."

"Uliniomba mwenyewe, mama."

"Mimi? Mimi niombe hivyo?" Hofu iliyoingia machoni mwake ilikuwa hofu ya kweli, ya mtu mzima anayeogopa kufa. "Namsifu, nimekukosea nini? Mama Terevaeli, mwambie! Mwambie aache!"

Mama Terevaeli alilia kwa sauti, akageuza uso. Namsifu alimtazama mama yake, yule mwenye hofu, akamtafuta yule mwenye macho makali, akaona kwamba hatampata tena kumuuliza mara ya pili. Alikuwa amepewa jibu mara moja tu, na alikuwa amelipotezea muda mpakani.

"Nisamehe," alisema, bila kujua anamwambia yupi kati yao, akavuta.

*

Asubuhi walikuja watu wawili, mwanamke na mwanamume, wamevaa makoti ya kampuni, safi kana kwamba hawakupanda mlima. Nyuma yao kwenye gari kulikuwa na sanduku jipya, bado limo kwenye maboksi yake. Hawakuwa wameitwa na mtu. Sanduku la zamani lilipozimika bila kufuata utaratibu, kampuni iliyolitengeneza ilijua.

"Pole kwa usumbufu, dada," mwanamke alisema, na alikuwa na sauti nzuri sana. "Tumeona nyumba hii imezimika jana jioni. Tumekuja kumrudisha mama."

Namsifu alikuwa amesimama katikati ya mlango. Hakuwa amelala. Nyuma yake, jikoni, Mama Terevaeli alikuwa amekaa mbele ya kigoda na bakuli la uji. Alipuliza kijiko, akakigusisha kwenye midomo ya Bi Naelijwa, akangoja. Ilichukua muda mrefu. Midomo ikafunguka. Uji mwingine ulichuruzika kidevuni, mwingine ukaingia, na koo likameza.

"Mama yupo," Namsifu alisema. "Anakunywa uji."

"Tunaelewa uchungu wako. Lakini yule si mama yako kama unavyomjua. Ukituruhusu tuingie, dakika chache tu, atakuita jina lako."

Ilimchoma pale walipokusudia. Namsifu alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine.

"Mlimuuliza yeye?"

Mwanamume alimtazama mwenzake. Mwanamke aliendelea kutabasamu. "Akishawaka," alisema, "tutamuuliza."

"Alishajibu," Namsifu alisema, na hakusogea.